Wati Tisa za Ukweli

Mwaka jana baba alinitumia spika zake mbili kwa basi la usiku kutoka Kakamega. Spika ndogo za mbao, zile za kuketi kwenye rafu ya vitabu, zimefungwa ndani ya gunia la mahindi na kamba ya katani. Hakuandika barua. Hatukuwa tumeongea vizuri tangu niache chuo nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme, kwa hivyo lile gunia nililisoma kama barua.

Kilichokosekana ni ampu. Ile yake kubwa, nzito kama mfuko wa simiti, iliyokaa sebuleni miaka yote chini ya kitambaa kilichofumwa na mama, ilikuwa imekufa. Fundi wa sokoni aliifungua akakuta transista za kutolea sauti zimeungua, akataja bei ya kuzibadilisha, na mzee akafunga mazungumzo. Mimi nilikuwa na shilingi 3,500 na bedsita Roysambu yenye soketi mbili. Nikaenda Luthuli Avenue.

Ukitafuta ampu ya bei hiyo Luthuli utaonyeshwa kisanduku cha alumini kinachotoshea kiganjani, kimeandikwa wati 100 kwa 100, na muuzaji atakwambia, "Hii ni klasi D, bro. Dijitali." Nililipa, nikaondoka nikitabasamu. Nyumbani ndio nilianza kusoma, na nikagundua kwamba kati ya maneno yale, lililokuwa kweli ni "klasi D" peke yake.

Tuanze na hiyo D. Watu wengi wanadhani ni D ya dijitali. Hapana. Tangu enzi za redio za valvu, wahandisi walizipa aina za ampu majina ya herufi: A, B, kisha C. Aina mpya ilipokuja, D ndiyo herufi iliyokuwa inafuata kwenye foleni. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1955.

Tofauti yake ni hii. Ampu ya kawaida, kama ile ya mzee, inatumia transista kama mfereji wa maji uliofunguliwa nusu. Muziki ukipanda unafungua zaidi, ukishuka unapunguza. Shida ni kwamba mfereji wa nusu unapoteza nguvu, na nguvu inayopotea inakuwa joto. Ampu ya klasi A, hata ikiundwa vizuri kabisa, haiwezi kupitisha zaidi ya nusu ya stima inayokula. Klasi B inafika asilimia 78 hivi, tena kwenye karatasi. Ndiyo maana ampu za zamani zina mabamba makubwa ya alumini mgongoni na transfoma ya kukuvunja kiuno. Sehemu kubwa ya ule uzito ni vyombo vya kulisha na kupoza joto.

Klasi D haikubali nusu. Transista inawashwa kabisa au inazimwa kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde. Muziki ukipanda, muda wa kuwaka unarefuka, ukishuka, unafupika. Ni kama kucheza na swichi ya taa kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuona kuzima wala kuwaka, linaona mwanga umepungua au umeongezeka tu. Mwishoni koili na kapasita zinachuja ule mpapatiko, spika inapokea muziki. Transista iliyowaka kabisa au kuzimika kabisa haipotezi nguvu nyingi, kwa hivyo asilimia 90 na zaidi ya stima inafika kwenye spika.

Wazo hili si la juzi. Linahusishwa na Mwingereza Alec Reeves, yule yule aliyebuni mwishoni mwa miaka ya 1930 njia ya kugeuza sauti kuwa nambari, msingi wa simu zetu zote za leo. Klasi D ilikuja miaka ya 1950. Kwenye karatasi ilikuwa tamu. Kwenye meza ya fundi ilikuwa balaa, kwa sababu transista za wakati ule zilikuwa polepole. Transista inayochelewa kuzima inakwama katikati, na katikati ndiko kuna joto lile lile ulilokuwa unalikimbia.

Wa kwanza kuiuza alikuwa Clive Sinclair, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kompyuta ndogo za ZX Spectrum. Mwaka 1964 kampuni yake ilitoa X-10, ampu ya kujiundia mwenyewe nyumbani. Ilitangazwa kama ampu ya wati 10. Ilitoa wati 2.5 hivi. Mwaka 1966 ikaja X-20, na transista zake za germaniamu zikamwangusha tena. Soma hapo mara ya pili: bidhaa ya kwanza kabisa ya klasi D duniani iliuzwa kwa wati za kubandikwa. Kisanduku changu cha Luthuli kimerithi hata tabia ya babu yake.

Wala si klasi D peke yake. Mchezo wa wati ulienea hivi kwamba mwaka 1974 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, ililazimika kuweka kanuni ya jinsi nguvu za ampu za nyumbani zinavyopaswa kupimwa na kutangazwa. Huku kwetu tulikua na redio za kaseti zenye stika ya PMPO, wati elfu moja, wati elfu mbili, na redio yenyewe inatumia betri za tochi. PMPO haikuwa na kipimo ambacho viwanda vyote vilikubaliana. Kila mmoja alijiandikia.

Wazo la Reeves lilisubiri vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Sony ilitoa TA-N88, ampu ya klasi D iliyofanya kazi kweli, lakini haikuwa ya mfuko wa mwananchi. Baadaye transista za MOSFET, zenye kasi ya kutosha, zilishuka bei. Kisha mwaka 1995 Adya Tripathi akaanzisha kampuni ya Tripath huko California, akaunda chipu iitwayo TA2020: ampu nzima ya stirio, wati 20 hivi kila upande, ndani ya kipande kimoja. Miaka ya mwanzo ya 2000 chipu za Tripath zilitiwa ndani ya kisanduku cha plastiki cha betri, kikaitwa T-Amp, kikauzwa chini ya dola 40. Watu wenye mitambo ya maelfu ya dola walikisikiliza wakashangaa. Tripath yenyewe ilifilisika mwaka 2007. Miaka miwili baadaye jarida la IEEE Spectrum liliiweka TA2020 kati ya chipu 25 zilizotikisa dunia. Sifa zilifika kampuni ishazikwa.

Waliovuna ni waliokuja nyuma. Mbelgiji Bruno Putzeys, akiwa Philips, alibuni njia ya kusahihisha sauti baada ya kichujio badala ya kabla, ili ampu isibadilike tabia kila ukibadilisha spika. Texas Instruments ilijaza soko na chipu kama TPA3116 na, kwa wenye pesa zaidi, TPA3255. Viwanda vya Uchina vikazifungia kwenye visanduku vya alumini. Hivyo ndivyo jambo lililomshinda Sinclair lilivyofika Luthuli kwa bei ya viatu.

Sasa, ukienda kununua, fanya hivi. Usisome kisanduku, geuza adapta. Yangu iliandikwa volti 12, ampia 3. Zidisha: wati 36. Adapta ya wati 36 itatoaje wati 200 za muziki? Haiwezi. Halafu piga hesabu nyingine, ambayo inafaa ampu hizi ndogo zenye chipu kama TPA3116. Chukua volti mara volti, gawa kwa omu za spika ulizozizidisha mara mbili. Spika za mzee ni omu 8: 144 kwa 16, ni 9. Wati tisa kila upande, na hapo tumekuwa wakarimu. Ukipata adapta ya volti 24, na ampu yako inakubali volti hizo, hesabu inakuwa 576 kwa 16, wati 36. Kwa hivyo pesa ya ziada ikipatikana, itumie kwenye adapta nzuri kabla ya kitu kingine. Na jambo la usalama: kwenye ampu hizi, nyaya zote mbili za spika zina nguvu. Usiunganishe zile nyeusi pamoja, utaunguza chipu.

Nilikasirika kwa siku mbili. Nilitaka hata kurudi dukani nikadai wati zangu 91. Halafu nikapiga hesabu ya mwisho. Spika ndogo nyingi zinatoa desibeli 86 hivi kwa wati moja, ukiwa mita moja. Kila ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3. Wati mbili, 89. Nne, 92. Nane, 95. Kwenye chumba ambacho kitanda kinagusana na jiko, keateka atakuwa amegonga mlango kabla hujafika nane. Wati tisa zilikuwa zinanitosha tangu mwanzo. Muuzaji alinidanganya kuhusu kitu ambacho sikukihitaji.

Jumapili iliyofuata niliweka spika juu ya rafu, nikafungulia rumba, sauti ya chini. Besi haikuwa nyingi, spika ndogo hazina miujiza, lakini kila gitaa lilikaa mahali pake. Nikampigia mzee simu, nikaiweka karibu na spika. Alinyamaza muda mrefu nikadhani laini imekatika.

"Hizo ni zangu?" akauliza.

"Ndizo."

"Umepata ampu ya wati ngapi?"

Kisanduku kilikuwa mbele yangu na nambari yake kubwa ya dhahabu. Miaka miwili nilikuwa nimemwambia mzee nambari za kubandikwa: kazi ninazopata, pesa ninazoweka, lini narudi chuo.

"Tisa," nikasema.

Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu niache shule. "Ile yangu iliandikwa mia mbili," akasema. "Sikuwahi kupita robo. Mama yako hangekubali." Kisha akaniambia niongeze kidogo, hasikii gitaa la pili.