Faili Zikifutwa kwenye Kompyuta ya Parokia: Ya Kufanya na ya Kuacha

Parokia nyingi za Lualaba, kuanzia Kolwezi hadi Mutshatsha na vijiji vya kando ya reli iendayo Dilolo, siku hizi zinatunza mambo yao katika kompyuta: majina ya waliobatizwa, ndoa, hesabu za sadaka, nyimbo za kwaya, hati za viwanja. Mara nyingi kompyuta ni moja, na mikono inayoigusa ni mingi. Inatosha mtu mmoja afute folda nzima, au afomati diski akidhani ni tupu. Katika nchi ya migodi hasara hiyo si ndogo. Mgodi unapopanuka na watu wakaambiwa wahame, hati ya kiwanja ndiyo inayolisemea kanisa. Na kijana anayeomba cheti cha ubatizo au cha ndoa hawezi kusaidiwa kwa kumbukumbu za wazee peke yake.

Lakini wapendwa, kilichofutwa hakijapotea papo hapo. Mara nyingi kinapotezwa na yale tunayofanya baadaye.

Kufuta ni kufanya nini?

Diski ni kama kitabu kikubwa chenye orodha ya yaliyomo katika kurasa za mwanzo. Faili inapofutwa, kompyuta huiondoa katika orodha na kuhesabu nafasi yake kuwa wazi. Maandishi yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka ni vivyo hivyo: diski hupewa orodha mpya, tupu. Kufomati kikamilifu ni jambo jingine. Tangu Windows Vista, njia hiyo huandika sufuri diski nzima, na baada yake hakuna cha kurudisha.

Tofautisha pia aina za diski. Ile ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, nayo huyahifadhi yaliyofutwa kwa muda mrefu. Ile mpya isiyo na kitu kinachozunguka, iitwayo SSD, mara nyingi husafisha nafasi iliyofutwa yenyewe, pengine ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usichelewe kuizima.

Hatua kwa hatua

1. Acha kazi mara moja. Usiandike barua, usinakili nyimbo, usipakue chochote kwenye diski ile. Hata programu ya kurudishia faili usiiweke humo, kwa sababu inaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta.

2. Tazama kwanza mahali pepesi: kapu la taka la kompyuta, barua pepe ulizotuma zikiwa na faili hiyo, flashi ya katibu, simu ya aliyepiga picha. Ikiwa ni flashi iliyotoka kwenye kompyuta ya kukodi na inaonekana tupu, huenda kirusi kimezificha faili tu. Fungua mipangilio ya folda, agiza vilivyofichwa vionekane, kisha safisha flashi kwa programu ya kuua virusi.

3. Windows ikiuliza kama ifomati diski ndipo ifunguke, jibu hapana.

4. Zima kompyuta, toa diski, iunganishe kwa waya wa USB kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Hapo ndipo utafutaji uanzie.

5. Tumia programu inayoaminika. TestDisk na PhotoRec, zilizotungwa na Mfaransa Christophe Grenier, hazilipiwi. TestDisk hutafuta sehemu ya diski iliyopotea na kurudisha orodha yake. PhotoRec haitegemei orodha: inapekua diski ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, ya picha au ya maandishi. Ubaya wake ni kwamba majina na folda haviokoki. Utapata maelfu ya faili zenye namba tu, na itabidi watu wakae wazifungue moja moja.

6. Kila kinachopatikana kihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si ileile.

Upekuzi wa diski kubwa unaweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati, huenda ukaanza upya. Basi pima mafuta ya jenereta au nguvu ya betri za sola kabla ya kuanza.

Diski ikigonga

Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, au isipoonekana kabisa, tatizo si orodha bali chuma. Izime, wala usiiwashe tena kujaribu. Hakuna programu inayotengeneza chuma, na kila mzunguko unaweza kukwaruza sahani. Usiifungue: kichwa kinachosoma hupita juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi, na vumbi letu la kiangazi unalijua. Usiitie katika friji, usiipige. Diski ya namna hiyo ni ya fundi mwenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Wazee wa kanisa waamue kwanza kama kilichomo kinastahili.

Hata kwa fundi wa kawaida mjini, patana bei kabla, na mtu wa parokia akae naye hadi mwisho. Ndani ya diski mna majina ya watu, michango yao, pengine na barua za mashauri ya ndoa. Hizo ni siri tulizokabidhiwa.

Nakala mbili

Mwaka 1998, studio ya Pixar huko Marekani ilipoteza sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 kwa amri moja ya kufuta. Nakala za akiba za ofisini zikaonekana na kasoro, maana hazikuwa zimejaribiwa. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wake, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua.

Jambo hili ni la kale. Katika Yeremia 32, nabii ananunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa. Hati zinaandikwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na Baruku anaagizwa kuziweka katika chombo cha udongo ili zisiharibike upesi.

Parokia nayo iwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini, ya tatu mahali pengine kabisa, kama vile ofisi ya kanisa huko Kolwezi. Kila miezi mitatu mtu afungue nakala hizo, aone kama zinasomeka. Na kile kitabu cha ubatizo cha karatasi kisitupwe kwa sababu kompyuta imefika. Hicho hakihitaji umeme.