Mionzi Haijui Geti la Hospitali

Ukitaka kuelewa kazi ya mshauri wa kinga ya mionzi hospitalini, mimi nakwambia anzia Goiânia, Brazili. Mwaka 1985 kliniki moja ya saratani ilihama, ikaacha mashine yenye sesiamu-137 kwenye jengo tupu. Septemba 1987 wasaka vyuma wawili wakaifungua, wakaiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga unaong'aa buluu gizani, basi watu wakagawana kama pambo. Wanne walikufa, akiwemo mtoto wa miaka sita.

Tanzania ilishatunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1983, na ile ya 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomu. Mshauri naye anatakiwa ajue kila chanzo cha mionzi kiliko, hata mashine ikishakufa. Sesiamu hupungua nusu kwa miaka 30 hivi. Daftari la hospitali linaweza kupotea siku moja tu.

Hapo ndipo nawaza huku Migato, Simiyu. Chuma hakiulizi kimetoka wapi, kinapimwa kilo kinalipwa. Je, nani amemwonyesha mnunuzi wa vyuma ile alama ya mapanga matatu meusi kwenye njano? Daftari likipotea, mlinzi aliyebaki ni yeye.