Fedha, kuvu na elektroni moja: nani hasa anafanya kazi ndani ya chupa?

Chukua chupa ya maabara yenye maji yaliyolowekewa kuvu. Tia nitrati ya fedha kidogo, kisha iache. Siku mbili tatu zikipita, maji yaliyokuwa na unjano hafifu yanageuka kahawia. Ukiona hivyo ujue humo ndani chembe za nano za fedha zimeshaumbika, ndogo kiasi kwamba ungeweza kuzipanga elfu kadhaa kwenye upana wa unywele wako mmoja. (Fedha ya hapa ni madini, si ile ya kwenye simu.)

Kwa nini watu wahangaike na chembe hizo? Kwa sababu fedha huua bakteria. Mwaka 1880, huko Leipzig, daktari Carl Credé alianza kuwatia vichanga matone ya nitrati ya fedha machoni, maana watoto wengi walikuwa wakipofuka kwa kisonono walichokipata wakati wa kuzaliwa. Upofu huo ulipungua mno. Baadaye antibiotiki zikaingia na fedha ikawekwa pembeni, ila wodi za majeraha ya moto hazikuiacha: mwaka 1965 Carl Moyer na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba bandeji zilizolowekwa kwenye nitrati ya fedha ya asilimia 0.5 zinasaidia.

Sasa, kinachoua hasa ni ioni ya fedha, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni moja. Ukiirudishia elektroni hiyo inakuwa fedha ya kawaida, na atomu zikikusanyana unapata chembe. Chembe ikiwa ndogo sana, eneo lake la nje ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo huachia ioni kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mkemia hutoa elektroni hizo kwa kemikali kali kama sodiamu borohaidraidi. Kuvu hutoa zake kwenye maji tu, bila moto.

Hilo lilianza kueleweka Pune, India, kwenye Maabara ya Taifa ya Kemia. Mwaka 2001 kundi la Murali Sastry lilitangaza kwamba kuvu wa jenasi ya Verticillium, akiwekwa kwenye ioni za fedha, anaunda chembe za takriban nanomita 25 chini ya ukuta wa seli zake. La ajabu ni kwamba hakufa, seli ziliendelea kuzaliana. Tatizo likawa moja: chembe zimo ndani. Utazitoaje bila kuzipasua seli zote?

Jibu lilikuja 2003 kupitia Fusarium oxysporum. Huyu mkulima wa migomba anamfahamu kwa shari yake, maana aina yake mojawapo ndiyo inayonyausha kisukari huku kwetu Afrika Mashariki. Kule Pune alitumwa kazi nyingine. Alimwaga vimeng'enya vyake nje, kwenye maji, na chembe za nanomita 5 hadi 15 zikaundwa hukohuko nje, zikiwa zimevikwa protini zinazozizuia kugandana. Watafiti wakamjaribu na ndugu yake, Fusarium moniliforme. Hakuna kilichotokea.

Ngoja kwanza, hapa ndipo penye utamu. Mshukiwa mkuu alikuwa riduktasi, kimeng'enya ambacho kuvu hukitumia kila siku kuhamisha elektroni kwenda kwenye nitrati ili apate naitrojeni yake ya chakula. Lakini mwaka 2005 Nelson Durán na wenzake wa Brazil walisema riduktasi peke yake haitoshi, panahitajika pia kwinoni, molekuli inayobeba elektroni kutoka kwenye kimeng'enya hadi kwenye fedha. Riduktasi ndiyo mwenye mzigo, kwinoni ndiyo bodaboda. Mwaka 2007 kundi jingine la India likamwondoa kuvu kabisa mezani: walichukua riduktasi ya nitrati iliyosafishwa, wakaipa NADPH kama chanzo cha elektroni, kibebaji cha elektroni, na peptidi ya kufunika chembe. Fedha ikaundwa. Kwangu mimi jaribio hilo lina uzito kuliko mamia ya makala yanayoishia kwenye "rangi imebadilika", maana rangi haikwambii nani kafanya kazi.

Mwaka huohuo kundi la Durán lilitia chembe za kuvu kwenye kitambaa cha pamba na likaona kinapambana na Staphylococcus aureus, bakteria anayesumbua sana vidonda hospitalini. Umeshaiona bandeji hapo, sivyo? Wao walitazama mbele zaidi: kitambaa kitafuliwa, na maji yake yatakwenda wapi?

Swali hilo si dogo. Mwaka 1975 iliripotiwa kwamba kwenye wodi ya majeraha ya moto ya hospitali moja ya Boston, Salmonella alikuwa ameshakuwa sugu kwa nitrati ya fedha, na kwa antibiotiki pia. Ukimwaga fedha kiholela unawafunza bakteria kuizoea. Ndiyo maana kundi la Brazil lilipitisha maji ya kufulia kwa bakteria mwingine, Chromobacterium violaceum, aliyeinasa fedha iliyobaki kabla maji hayajamwagwa.