Mecky Mexime na Timu za Miwa: Kocha Hutengenezwa na Nani?

Si wengi kati ya waliovaa kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars ambao, baada ya kutundika daluga, walipata benchi na kukaa nalo. Mecky Mexime alikaa. Alikuwa beki na nahodha wa Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, klabu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, na aliiongoza timu ya taifa enzi za kocha Mbrazili Marcio Maximo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 alikabidhiwa Mtibwa hiyohiyo kama kocha mkuu. Mwaka 2016 akahamia Kagera Sugar, akadumu hadi 2021. Mashabiki wa Kayanga wilayani Karagwe na Nkwenda wilayani Kyerwa husema siri yake ni nidhamu. Sipingi. Ila nidhamu wanayo wachezaji wengi waliostaafu na leo hakuna anayewakumbuka. Ninachodai ni kwamba Mexime alifanywa kocha na kiwanda cha sukari chenye timu, na kwamba wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizoishi na Kagera Sugar kwa takriban miaka 20 kama watazamaji, hazijawahi kuwa na taasisi ya kumlea mtu wa namna yake.

Msimu wake wa kwanza Kagera unatosha kuonyesha hoja. Oktoba 2016 Yanga walipanda hadi Kaitaba, Bukoba, wakaondoka na ushindi wa mabao 6-2. Kufungwa sita nyumbani ni jambo ambalo katika klabu kubwa za Dar es Salaam lingetosha kumfungisha kocha virago. Mexime hakuguswa. Dirisha dogo la usajili akaja kipa mkongwe Juma Kaseja, safu ya nyuma ikatulia, na Aprili 2017 Simba wakalala 2-1 palepale Kaitaba. Mchezo huo ulizaa mzozo wa kadi za njano za beki wa Kagera, Mohamed Fakhi: Simba walipewa pointi tatu mezani, kisha zikarudishwa Kagera. Mwisho wa msimu Yanga na Simba walilingana kwa pointi 68, ubingwa ukaamuliwa kwa tofauti ya mabao. Kagera Sugar wakashika nafasi ya tatu, mbele ya Azam, na Mexime akatangazwa kocha bora wa ligi.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Mei 2018, Simba walikuwa wamekwishatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, na Rais John Magufuli alikuwa Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe. Kagera walikaa nyuma, wakaziba njia, wakasubiri. Dakika za mwisho Edward Christopher akawafungia bao. Simba wakapata penalti, Emmanuel Okwi akapiga, Kaseja akaipangua. Mpango ule ulikuwa wa beki. Mtu aliyecheza nyuma kwa miaka mingi anajua timu inayoshambulia kwa pupa huacha wapi mlango wazi, na hakuona aibu kuisubiri nafasi moja mbele ya Rais na uwanja mzima uliokuja kushangilia upande wa pili.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni msimu ambao mambo yaliharibika. Msimu wa 2018/19 Kagera waliwafunga Simba nyumbani na ugenini, lakini bado wakajikuta kwenye mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza ili kubaki Ligi Kuu. Walibaki, na Mexime alibaki nao. Simba na Yanga zina wanachama, wazee na wafadhili, na kila mmoja anataka ushindi wa Jumamosi hii. Timu ya kiwanda ina mwajiri mmoja anayelipa mishahara bila kusubiri mapato ya mlangoni. Mtibwa na Kagera zote ziko chini ya wamiliki walewale wa sukari, kwa hiyo Mexime hata alipohama hakutoka ndani ya nyumba iliyomfahamu tangu akiwa mchezaji.

Sasa tutazame upande wa magharibi wa mkoa wa Kagera, walipo watazamaji wa Karagwe na Kyerwa. Mto Kagera hupita mpakani mwa Kyerwa na Rwanda kabla ya kuteremka Missenyi, ambako maji yake humwagilia miwa ya kiwanda. Shabiki wa Karagwe anayetaka kuiona timu inayobeba jina la mto huo husafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Kaitaba, au hulipia kiti katika kibanda umiza. Vipaji vipo: mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, huviibua kila mwaka, na walimu wa sekondari huvinoa jioni baada ya vipindi, bila posho. Mwalimu akihamishwa, timu yake hufa naye.

Atakayesema kwamba kutegemea kiwanda ni hatari atakuwa na haki. Mtibwa walishuka daraja 2024, Kagera Sugar wakashuka 2025. Kabla yao mkoa wa Kagera ulikuwa na RTC Kagera, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa. Mashirika hayo ya umma yalipofifia, timu zake hazikuwa na pa kushika. Hata hivyo hatari hiyo haifuti hoja. Inatuambia tu kwamba mlezi wa kocha asiwe mmoja. Mexime mwenyewe alikwenda baadaye kufundisha Dodoma Jiji, timu ya halmashauri, na hapo pana fundisho kwa halmashauri za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi 2012 na bado zinauza kahawa kupitia chama kikuu kimoja cha ushirika, KDCU. Hazihitaji timu ya Ligi Kuu. Zinahitaji kumtafuta mchezaji mmoja aliyestaafu, kumlipia kozi za leseni za CAF kuanzia daraja D, kumpa mshahara unaotengwa kwenye bajeti kama wa mtumishi mwingine yeyote, na kuandika katika mkataba wake kwamba hataondolewa kabla ya misimu mitano, hata akifungwa sita nyumbani, kwenye uwanja wa Changarawe.