Olive Isbell, Mwalimu wa Santa Clara

Desemba 1846, vita vya Marekani na Meksiko vikiendelea, Olive Mann Isbell alifungua darasa katika banda la farasi la Misheni ya Santa Clara, California. Alikuwa amewasili karibuni na msafara wa magari ya kukokotwa kutoka mashariki, na mumewe, daktari, alikwenda jeshini. Moto uliwashwa sakafuni, moshi ukatokea kwenye tundu la paa. Ubao haukuwapo. Basi Bi Olive alishika kipande cha mkaa, akawaandikia watoto herufi nyuma ya viganja, wakazisoma hapo hapo. (Kunawa kabla ya somo kwisha, bila shaka, kulikuwa hasara.) Mwaka 1847 alihamia Monterey, akafundisha tena. Alifariki mwaka 1899, akazikwa Santa Paula.