Nairobi Dam Haikukauka, Ilijazwa

Fungua ramani kwenye simu yako, tafuta Nairobi Dam. Utaona doa la maji, Kibera upande mmoja na estate za Lang'ata upande ule mwingine. Sasa shuka pale kwa miguu. Utapata kijani: gugu maji, nyasi, nduma, miwa, sukuma wiki. Ukimwambia mgeni umesimama kando ya bwawa atadhani unamchezea shere.

Watu wengi wa rika letu wanaijua kama jina la stage tu. Kumbe hii kitu ina historia, na ukiijua, hii stori ya "tusafishe dam" inayorudi kila msimu wa siasa utaisikia tofauti.

Tuanze 1953. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, Nairobi imejaa askari na msako, na serikali ya mkoloni inajenga ukuta wa udongo kuzuia mto Motoine. Motoine unatoka upande wa Dagoretti, unapita msitu wa Ngong Road, unaingia Kibera, na ukishatoka kwenye dam unabadilisha jina na kuitwa Ngong River, ndio ule unaopita Industrial Area. Lengo lilikuwa maji ya jiji. Kumbuka jina lenyewe Nairobi linatoka kwa Wamaasai, Enkare Nyirobi, maji baridi. Mji ulioitwa kwa sababu ya maji ulikuwa na kiu, na bado uko nayo.

Lakini jiji lilikuwa linakua haraka kuliko hilo bwawa. Miaka hiyo hiyo ya 1950 likapanda Aberdare kuchota Sasumua, na 1994 Ndakaini ikakamilika. Nairobi Dam ikabaki mahali pa kubarizi. Watu walikuja na mashua za tanga, kulikuwa na klabu kabisa. Walivua samaki. Ukimuuliza mtu aliyekulia Lang'ata miaka ya 1970 anaweza kukusimulia jioni za pale mpaka uone wivu.

Hapa ndipo mimi huwa nasimama kidogo. Walivua akina nani? Kwa sababu Kibera ilikuwepo muda wote huo. Ilikuwepo hata kabla ya dam. Wanubi, wanajeshi wa King's African Rifles na familia zao, waliwekwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na baadaye eneo likatangazwa rasmi, ekari 4,197. Kibra, kwa lugha yao, ni msitu. Yaani watu walikuwa na makao pale miaka arobaini kabla ya maji kuzuiwa mlangoni kwao. Ardhi yao iliendelea kumegwa, estate baada ya estate, na ilipofika 2017 hati ya jamii waliyopewa ilikuwa ya ekari 288. Toa hiyo kwa 4,197 ujionee. Mimi niliacha chuo, lakini hiyo hesabu haihitaji digrii.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "dam iliharibiwa na watu wa Kibera", mwambie apunguze mwendo.

Dam hujaa vipi? Hii ni fizikia rahisi. Mto ukiwa unakimbia unabeba udongo. Ukiuzuia, maji yanatulia, udongo unashuka chini. Kila bwawa duniani ni mtego wa tope, na lolote lile, usipolichimba, litajaa. Nairobi Dam ilikuwa na kina cha wastani kisichofika mita 3. Hicho ni kina kifupi sana. Tuseme tu kwa mfano tope liwe linaongezeka sentimita 5 kwa mwaka, upana wa vidole vyako vitatu hivi. Mita 3 zinaisha kwa miaka 60. 1953 jumlisha 60 ni 2013. Hata kama hakuna mtu aliyewahi kutupa karatasi moja, hiyo dam ingehitaji tingatinga.

Sasa ongeza mambo mengine. Msitu wa juu umekatwakatwa, mashamba yamegeuka plot, barabara za vumbi kila mahali, na mvua kubwa inazoa yote. Ongeza mtaa mzima uliokuwa hauna mabomba ya maji taka. Ati Kibera ina watu milioni moja, tuliimbiwa hivyo miaka mingi, halafu sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Lakini hata hao 170,070, choo kikikosekana, uchafu utaenda wapi? Utateremka. Maji hayapandi mlima. Na chini kabisa ni dam.

Huo uchafu ni mbolea. Gugu maji, mmea uliotoka Amerika Kusini na ambao jamaa zetu wa Kisumu wanaujua vizuri kuliko sisi, unapenda sana maji ya namna hiyo. Unafunika juu, mwanga haupiti, mimea ya chini inakufa, oksijeni inaisha. Tilapia hawezi kuishi hapo. Kambare atavumilia kidogo kwa sababu ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, na kamongo pia, lakini wale ni watu wagumu. Gugu lenyewe likifa linazama na kuwa tope zaidi. Halafu mtu anaona pamekauka kidogo, anapanda nduma. Na mwenye pesa anaona pamekauka zaidi, anapanda ukuta.

Hapo ndipo pesa iko. Tope katikati ya Nairobi, likikaa sana, linageuka ardhi. Na ardhi karibu na Mbagathi na Lang'ata Road unajua bei yake. Ndiyo maana mimi siamini kwamba kuchelewa kote huku ni uvivu tu. Bwawa likijaa kuna mtu anapoteza na kuna mtu anapata. Anayelima sukuma pale si yule anayepata.

Sasa swali: irudishwe iwe nini? Jibu langu ni samaki. Naongea kuhusu samaki wa kuliwa na wa kuuzwa, chini ya usimamizi wa watu wanaoishi pale, na mashua za kubembea kama za Uhuru Park zije baadaye zikitaka.

Angalia Nairobi inavyokula. Samaki wa Gikomba anasafiri usiku kucha kutoka ziwani. Mwingine anatoka Uchina akiwa barafu, na 2018 kelele zilikuwa nyingi mpaka Rais Uhuru akalizungumzia hadharani. Mathe wa mtaani anayekaanga samaki jioni ananunua kitu kilichopita mikono mitano. Bwawa la ekari zaidi ya 80 haliwezi kulisha jiji, tusidanganyane. Lakini linaweza kuwapa kazi vijana kadhaa na kumpunguzia huyo mathe mikono miwili mitatu.

Na Kenya tumeshajaribu mambo haya, kwa hivyo tuna somo bila kwenda mbali. 2009 serikali ya Kibaki ilianza kuchimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo bunge lililochaguliwa, mita 300 za mraba kila moja, unapewa vifaranga 1,000. Ilikuwa poa kwa picha. Miaka michache baadaye mengi yalikuwa mashimo yenye vyura. Chakula cha samaki kilikuwa ghali, soko halikupangwa, na serikali ilipoondoka mradi ukaondoka nayo. Wale waliodumu wengi ni wale waliokuwa tayari wanataka kufuga.

Mfano wa pili uko Kilifi. Kuruwitu, wavuvi waliona bahari yao imeisha samaki. 2005 wakakubaliana wenyewe kufunga kipande cha bahari, hekta 30, mtu asivue. Hebu fikiria kumwambia mvuvi asivue. Kulikuwa na ubishi, bila shaka. Lakini samaki walirudi, wakawa wanavuka mpaka na kuingia kwenye nyavu za nje, na watalii wakaja juu yake. Sheria ilishikwa kwa sababu walioiweka ndio waliokuwa wanaumia nayo.

Kwa ziwa kuna vile vikundi vya BMU, vimo kwenye kanuni tangu 2007: wavuvi, wachuuzi, wenye mashua wanajiandikisha, wanachagua kamati, wanasema nani anavua, lini, na nyavu za macho gani. Vina ufisadi wake, ndiyo, kama kila kitu chetu. Lakini ni mlango uliopo kwenye sheria tayari, na sioni sababu ufukwe uwe Homa Bay tu na usiwe Silanga.

Lakini utaratibu ni muhimu, na hapa ndipo wanasiasa huturuka. Wao wanaanza na tingatinga kwa sababu tingatinga linapiga picha vizuri. Ukichimba kabla ya kuzuia maji taka, unatengeneza shimo kubwa zaidi la maji taka. Kwanza mabomba na vyoo, kando ya mto wote mpaka juu. Halafu vibwawa vidogo vya kunasa tope kabla halijafika, vya kuzolewa kila mwaka na vijana wanaolipwa. Ndipo uchimbe. Na hilo tope ulilochimba limekaa na uchafu wa jiji miaka sabini, huwezi kulimwaga tu shambani mwa mtu. Lipimwe. Baada ya hapo samaki wa kwanza wapimwe pia kabla mtu hajala, kwa sababu samaki hukusanya madini mabaya mwilini na hauwezi kuyaonja.

Vifaranga si shida. Sagana wamekuwa wakizalisha samaki tangu 1948. Na usiweke tilapia peke yake, huzaana mpaka wanadumaa wote, unavua samaki saizi ya kidole. Weka kambare kiasi, wale watoto.

Wengine wataniambia haiwezekani. Nenda Michuki Park pale Globe uone. Palikuwa jalala. Nenda Korogocho, kikundi cha Komb Green kilichukua ukingo wa Nairobi River uliokuwa takataka tupu kikaufanya bustani, kwa majembe. Ile ndiyo kazi ngumu, na vijana waliifanya kabla kamera hazijafika.

Kinachonitia hofu ni kingine. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, watu walioishi kando ya mito walibomolewa nyumba, na neno lililotangulia tingatinga lilikuwa zuri tu: usalama, mazingira. Sipingi mto kupewa nafasi yake, mafuriko yaliua watu. Ila dam ikirudishwa, upande wa Kibera utapanda thamani siku hiyo hiyo. Bila orodha ya wavuvi iliyoandikwa mapema, na mpaka wa maji uliopimwa na kuwekwa wazi, tutapata ziwa zuri sana lenye fensi.

Hiyo orodha ningeianza na wale wanaolima nduma pale leo. Wanajua maji huingilia wapi mvua ikinyesha, tope ni laini wapi na limeshikana wapi. Mkutano wa kwanza ungekuwa wao, pale pale ukingoni, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali.