Komeo Upande wa Kushoto

Jirani yangu alikuwa na miaka 76 alipoamua kujiundia bunduki. Ninaishi magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwenye vilima vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nilipohamia hapa kutoka Morogoro, yeye ndiye aliyekuja wa kwanza kunisalimu, kaleta mahindi mabichi. Nikachukua kalamu niandike namba yake ya simu. Aliponiona naandika kwa mkono wa kushoto alicheka, akainua wa kwake. Tangu siku hiyo karakana yake imekuwa baraza langu.

Adui yake ni marmota, ndugu mkubwa wa kindi, anayechimba mashimo kwenye mashamba ya soya na lusini. Anakula mazao, lakini kinachomkera mzee zaidi ni mashimo: ng'ombe akitumbukiza mguu humo anaweza kuvunjika, na trekta likipita juu linaweza kuzama gurudumu. Jambo la ajabu ni kwamba mnyama huyohuyo ana sikukuu yake. Tangu 1887, kila tarehe 2 Februari, watu wa mji wa Punxsutawney, humuhumu Pennsylvania, humtoa mmoja wao mbele ya umati ili atabiri kama baridi itaendelea. Februari anapigiwa makofi, Julai anapigwa risasi. Kwetu tunamwita mnyama wa aina hii mharibifu, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kufanyiwa sherehe.

Kumpiga marmota si kama kumpiga nyati. Ni mdogo, yuko mbali, na akishtuka anaingia shimoni. Kwa hiyo Wamarekani walitafuta risasi ndogo yenye mbio kubwa. Mwaka 1935 kampuni ya Winchester ilitoa .220 Swift, iliyopita mita 1,200 kwa sekunde. Mafundi wa mitaani nao walikuwa wakichukua ganda la risasi la Savage la mwaka 1915, wanalibana shingo ili lishike risasi nyembamba zaidi. Kazi hiyo ya vibanda ikapendwa mpaka Remington wakairasimisha mwaka 1965 kwa jina la .22-250. Hiyo ndiyo aliyoichagua mzee.

Tatizo halikuwa risasi. Tatizo lilikuwa bolti.

Bolti ni komeo. Ukilitazama komeo la mlango wa kizamani umeielewa: chuma cha mviringo chenye mkono, unakisukuma mbele, unakizungusha, kinafunga. Waprusia walikuwa na bunduki ya namna hiyo tangu 1841. Paul Mauser, fundi wa Oberndorf huko Ujerumani, aliiboresha miaka mingi mpaka akafikia ile ya 1898, na bunduki nyingi za kuwindia zinazouzwa leo bado zina damu yake. Wamarekani waliiga kazi ya Mauser katika bunduki yao ya jeshi ya 1903, hata wakalazimika kumlipa. Huku kwetu Mauser ilitangulia kufika. Askari walioajiriwa na Wajerumani Afrika Mashariki walipewa ile ya 1871, yenye baruti ya moshi mzito, na wengi walikuwa bado wanaibeba vita ilipoanza mwaka 1914.

Zote hizo zilikuwa na mkono wa komeo upande wa kulia. Jeshi linataka bunduki ya aina moja, mafunzo ya aina moja, mstari mmoja ulionyooka. Mtu wa mashoto aliweka bunduki bega la kulia kama wenzake, au alipata tabu. Akiiweka bega la kushoto, kila baada ya risasi lazima auachilie mkono wa kufyatulia, auvushe juu ya bunduki, avute komeo, kisha aanze upya kulenga. Na ganda lenye moto linaruka upande ule ule uliko uso wake.

Wawindaji wa mashoto walisubiri sana. Savage walipoanza kuuza Model 110 mwaka 1958, haukupita muda mrefu wakatoa na ya mkono wa kushoto, komeo na tundu la kutolea ganda vyote vimehamishwa. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutoka kiwandani hivyo. Zaidi ya miaka 100 ya komeo, na ndipo mtu akakumbuka kwamba kuna mikono miwili.

Mzee alinunua Model 110 ya kushoto iliyochakaa, akaivua mtutu. Savage wanabana mtutu kwa nati kubwa, kwa hiyo fundi wa nyumbani anaweza kuweka mpya bila mashine ya kukereza. Aliusokota mtutu mpya taratibu huku kaweka kipimo cha chuma mahali pa risasi. Komeo lazima lifunge juu ya kipimo kimoja na likatae kufunga juu ya cha pili. Kati ya hivyo viwili kuna nafasi nyembamba kama karatasi, na usalama wa uso wako umo humo. Kitako alikichonga mwenyewe kwa mbao ya mjozi, upande wa shavu ukiwa kulia, kinyume na vitako vyote nilivyowahi kuona. Kazi ilichukua majira yote ya baridi.

Siku moja nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua. Yeye hupiga akiwa amekaa, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga. Kwa mkao huo mtu wa mashoto anaweza kutumia bunduki ya kulia bila shida: mkono wa kushoto unabaki kwenye kifyatulio, wa kulia unavuta komeo. Wapo hata watu wa kulia wanaotafuta komeo la kushoto kwa sababu hiyohiyo. Basi tabu yote ya nini?

Aliendelea kupiga msasa. Kisha akasema kwamba alipokuwa darasa la kwanza mwalimu alimfungia mkono wa kushoto kwenye kiti. Amejizoesha vitu vya kulia miaka 70. Anataka kimoja tu ambacho hakuhitaji kukizoea.

Sikuwa na la kujibu. Mimi nilichapwa vidoleni. Katika Kiswahili chetu mkono wa kulia ni wa kulia chakula, tena ni wa kuume. Wa kushoto ni wa kike. Binti yangu ana miaka sita, anachora kwa mkono wa kushoto, na wiki hiyohiyo bibi yake alimwona kwenye simu.

"Mwanangu, huyo mtoto mrekebishe mapema."

"Mama, hajaharibika."

Akanyamaza. Nikamsimulia habari za mzee na bunduki yake, nikidhani nabadilisha mazungumzo. Akaniuliza kama namkumbuka babu, baba yake. Namkumbuka. Alipigana Burma katika Vita ya Pili, na chini ya jicho la kushoto alikuwa na vidoa vyeusi ndani ya ngozi. Sisi wajukuu tulijua ni vya vita. Tulivihesabu akiwa amelala.

"Si vya vita," mama akasema. "Ni vya gobore."

Babu alikuwa wa mashoto. Jeshini alipiga kwa bega la kulia kama wote. Aliporudi alipewa gobore la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori na ngedere, na usiku shambani, mahali ambapo hakuna wa kumkemea, aliliweka bega analolitaka. Lakini gobore nalo lina upande. Nyundo na fataki vimekaa kulia, na kwa mtu wa mashoto ndiko uliko uso. Kila alipofyatua, cheche zilimrukia. Alijua, na aliendelea.

Mwezi Mei mzee alijaribu bunduki yake kwenye karatasi, mita 100. Matundu matatu, ukiweka sarafu unayafunika. Akanipa niishike. Komeo lilikuja lenyewe mkononi mwangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini kumnunulia binti yangu mkasi wa kushoto. Bibi yake bado hajaniambia niurudishe.